Intanshipu nimemaliza, MMed nimekosa, Marekani sikuchaguliwa: hii MD naipeleka wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko hapa Dodoma, nimelifupisha: "Shikamoo dokta. Nimesoma MD (shahada ya udaktari) UDOM, intanshipu nimemaliza, baraza wameshanisajili kamili. MMed, yaani masomo ya ubingwa, niliomba nikakosa, nikaomba tena nikachaguliwa ila ada sina na mfadhili sina. Nikafanya mitihani ya Marekani nikafaulu, mwezi wa tatu majina ya waliochaguliwa kwenda mafunzo kule yametoka, langu halimo. Sasa hivi nakaa kwa kaka Nkuhungu, mama yuko Kondoa kila akipiga simu anauliza kazi naanza lini. Kuna mwenye zahanati anataka nimpe cheti changu akitundike awe ananilipa kila mwezi, na kuna hospitali wanataka nijitolee bila malipo. Bila ubingwa nina maisha kweli kwenye hii kazi au nibadili fani mapema?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, hasa hiyo ya mwezi wa tatu maana najua hela inavyoteketea pale. Nakujibu kwa urefu kwa sababu maswali ya hivi nayapata sana siku hizi na wengi mnachanganya vitu viwili, kukosa residensi, yale mafunzo ya ubingwa ya hospitalini, na kukosa kazi, mnavibeba kwenye mfuko mmoja halafu mnaona dunia imeisha.

Kule Marekani ukikosa residensi umekosa kazi yenyewe, kwa sababu MD peke yake haikupi leseni ya kutibu, ndio maana mtu wa kule akikosa nafasi analia kama amefiwa. Hapa kwetu sivyo. Wewe umeshasajiliwa kamili na Baraza la Madaktari Tanganyika, unaona mgonjwa, unalaza, unapasua yale ya ngazi yako, unajaza PF3 na mahakamani unaitwa kama shahidi mtaalamu, hakuna anayekuuliza MMed iko wapi. Tena tofauti nyingine watu wanaisahau, kule resident analipwa mshahara, huku kwetu resident ndiye anayelipa ada. Kwahiyo unavyosema "nimekosa MMed" kiukweli umekosa ada, hujakosa udaktari, na ada ni tatizo la kutafutiwa mpango.

Kwanza, hiyo nafasi ya MMed uliyochaguliwa, umeiacha tu ikapotea au uliandika barua ya kuahirisha? Kama bado mwaka haujaanza andika leo hii, vyuo vingi vinaruhusu kuahirisha ukiomba kabla, na ni rahisi kuliko kuanza upya maombi. Watu wananyamaza kwa aibu ya kukosa hela halafu mwakani wanapanga foleni tena na watoto wapya.

Sasa Marekani niimalize haraka. Mwaka 2024 waombaji wasio raia wa kule waliosoma nje, waliopata nafasi ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 58.5, wakati wale waliosoma MD kulekule wanapita asilimia 90. Maana yake kukosa kwako sio mkosi wala hujarogwa, watu 4 kwa 10 wa aina yako wanarudi mikono mitupu kila mwaka. Tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya kule, ni kufaulu au kufeli tu, haina alama, kwahiyo mzigo wote umehamia Step 2, kama alama yako ya Step 2 ni ya kawaida kuomba tena kwa karatasi zilezile ni kuchoma hela. Halafu programu nyingi zinaangalia umehitimu lini, ukikaa miaka unahesabika umepoa, na hapa ndipo wengi mnajiumiza wenyewe, mtu anakaa nyumbani anasomea mtihani mwaka mzima hagusi mgonjwa, akiulizwa kwenye intavyuu tangu uhitimu ulikuwa unafanya nini hana cha kusema. Ukitaka kurudia, rudia mara moja tu, omba zile fani ambazo wageni wanapita zaidi kama magonjwa ya ndani, tiba ya familia na watoto, na uombe ukiwa kazini.

Najua utaniambia kuna majimbo yametunga sheria za kuwapokea waliokosa residensi. Ni kweli, Missouri walianza 2014 na kada yao ya daktari msaidizi, lakini sheria yao inataka raia au mkaazi halali wa Marekani, wewe wa Nkuhungu haikuhusu. Tennessee walipitisha ya kwao 2023 kwa madaktari waliosoma nje, nayo inamwangalia mtu ambaye tayari ametibu nchini kwake miaka kadhaa. Unaona kila njia inakurudisha palepale? Hata hao wa mbali wanataka daktari aliyefanya kazi.

Na hilo ndilo jibu langu kwako kwa ujumla, mengine yote ni maelezo: tafuta kwanza hospitali yenye wagonjwa wengi na mkubwa mmoja anayependa kufundisha, ubingwa utaufuata ukiwa huko. Ukiwa Nkuhungu haukufuati.

Dodoma mjini inadanganya sana vijana wenu. Serikali imehamia hapa, wizara iko Mtumba, TAMISEMI ipo, makao makuu ya NHIF yapo, mtu anajiona akikaa karibu na ofisi ajira itamuona kwanza. Ajira ya serikali inaombwa kwenye mfumo, uwe Nkuhungu au uwe Kiomboi mfumo ni uleule, na aliyeko Kiomboi anaomba huku anaingiza mshahara. Wakati huohuo hospitali za Benjamin Mkapa na General zimejaa, nyie wa UDOM wote mnataka hapohapo kwa sababu mnapajua. Sogea kidogo tu. Mvumi pale Chamwino, Mtakatifu Gaspar Itigi, Makiungu na Iambi mkoa wa Singida, Haydom kule Mbulu. Hizi ni hospitali za makanisa, haziajiri kwa kusubiri kibali cha Utumishi, mganga mfawidhi akiona pengo na fungu lipo anaita mtu. Sikwambii nafasi zipo leo, nakwambia huko barua ya mkono ukiipeleka mwenyewe inasomwa, na ukiwa na bahati mfawidhi mwenyewe anatoka wodini na glavu mfukoni anakuhoji hapohapo koridoni.

Acha nikuonyeshe kwanini nasisitiza huko. Usiku wa saa nane gari la wagonjwa linaingia kutoka zahanati ya mbali, mama wa uzazi wa kwanza, uchungu tangu jana asubuhi, umeweka katheta mkojo unatoka wa damu, kichwa cha mtoto kimeshavimba kimekwama kwenye nyonga, mapigo ya mtoto yanashuka kila uchungu ukija. Damu ya grupu lake benki ipo chupa moja. Unaamsha ndugu wachangie, unampigia mtu wa usingizi yuko nyumbani kwake, unakunja mikono unaingia. Ukishafungua tumbo la uzazi ndio unagundua kichwa hakitoki, mkono wako haupiti, na hapo ndipo utajua kama uliwahi kufundishwa kumwambia nesi amsukume mtoto kutoka chini au uingize mkono juu utafute miguu umtoe kwa miguu kwanza. Ukimtoa akalia unageuka, mji wa mimba umelegea hausinyai, oksitosini inaingia, misoprostoli, unakanda kwa mkono, jasho linadondoka kwenye barakoa. Hospitali kubwa ya mjini usiku huo ungekuwa umeshika ndoano ya kuvutia nyama wakati resident anafanya. Wilayani resident ni wewe, na mkubwa wako yuko upande wa pili wa meza, au yuko njiani anakuja na pikipiki.

Sasa hiyo kesi iandike. Nunua kauntabuku la kwaya 3 pale sokoni Majengo, chora safu zako: tarehe, namba ya faili (jina la mgonjwa usiandike kamwe), umri, tatizo, ulichofanya, ulikuwa mpasuaji au msaidizi, nani alisimamia, mgonjwa aliishiaje, na mwisho sahihi ya msimamizi. Asaini wiki hiyohiyo, usisubiri mwisho wa mwaka ukamkuta kahamishwa. Daktari anayeingia intavyuu na kauntabuku lenye sizeria zake na hernia zake na vifo vyake ameviandika pia bila kuficha, na mwingine anakuja na sivii ya kurasa 4 imejaa semina, mimi nimekaa kwenye hizo meza za usaili miaka mingi na wala huwa hatubishani, tunamchukua wa kauntabuku.

Kauntabuku hilo lina kazi nyingine. Kuna njia ya ubingwa ambayo nyie wa vyuo mnaisikia nusunusu, COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kimeanzishwa 1999 na ofisi zake ziko Arusha. Hakina madarasa. Unakuwa umeajiriwa kwenye hospitali waliyoikagua na kuikubali, unajifunzia palepale chini ya wapasuaji waliopo, unarekodi kila oparesheni kwenye mfumo wao, unafanya mitihani. Miaka 2 ya kwanza inakupa uanachama, ukiendelea upasuaji wa jumla inafika miaka 5 kwa jumla unakuwa mpasuaji bingwa. Ada na mitihani utalipa, ila unalipa huku unafanya kazi, hujakaa miaka 3 au 4 bila mshahara. Watu wa magonjwa ya ndani nao wana chuo chao cha namna hiyohiyo, ECSACOP. Kama unaipenda nyembe, kabla hujakubali hospitali yoyote uliza swali moja, hapa COSECSA wamepaidhinisha? Mfawidhi anayejua anachofanya atafurahi umeuliza.

Njia ya serikali nayo usiitupe. Ukipata ajira, ukathibitishwa kazini baada ya ule mwaka wa majaribio, unaomba ruhusa ya masomo unaenda MMed mshahara unaendelea kuingia, na ufadhili wa serikali, ule wa Dkt. Samia wa kusomesha mabingwa, kwa sehemu kubwa unamtafuta mtu aliyeko kazini tayari. Ongeza na hili, usichague fani kwa sababu darasa zima wanaitaka. Kila mtu ni uzazi, watoto, upasuaji. Nenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapohapo mjini kwako kaa nao hata wiki, uliza mabingwa wa akili wako wangapi kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 60, halafu uniambie kama kuna foleni. Usingizi vilevile, patholojia vilevile. Sisemi uende usikokupenda, nasema usikatae mlango ambao hujawahi kuchungulia.

Na hata wale ambao hawataki ubingwa kabisa, wapo na wanaishi vizuri tu. Waganga wakuu wa wilaya wengi unaowaona wanapita na magari ya serikali ni MD wameongeza MPH (uzamili wa afya ya jamii), kazi yao ni bajeti, dawa, magari ya wagonjwa na kugombana na madiwani, ukiwa na moyo wa hivyo inafaa. Kampuni za bima zinaajiri madaktari wa kukagua madai, na hii sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopita 2023 haiwezi kutekelezwa bila watu wa kusoma fomu za madai na kujua kama kweli mgonjwa wa malaria ya kawaida alihitaji kulazwa siku 5. Kazi ya mezani, inachosha macho, ila inalipa na unalala usiku. Vyuo vya kati vya afya vinatafuta walimu wa matabibu. Riseachi ipo, kwenye taasisi za utafiti kama Ifakara na NIMR, na kanda hii ina historia yake, utafiti wa trakoma Kongwa umejulikana dunia nzima, daktari wa mradi anaanza kwa mkataba wa mwaka au miwili. Programu ya epidemiolojia ya mafunzo kazini ya TFELTP nayo iko tangu 2008, ukipenda kufukuza milipuko ya kipindupindu. Kuuza dawa kama wakala wa kampuni sio aibu, gari unapewa, kamisheni ipo, ila ujue miaka miwili bila kushika mgonjwa mkono unapoa, na kurudi wodini ni kugumu kuliko watu wanavyokiri. PLAB, mitihani ya Uingereza kwa madaktari waliosoma nje, usiikimbilie, mitihani unaweza kufaulu halafu kazi za ngazi ya chini kule zimekuwa na mashindano makali sana miaka ya karibuni, wamo waliofaulu wanazunguka na vyeti.

Kufungua kliniki yako nako kila mtu ananiuliza. Kutibu kwa biashara kulipigwa marufuku 1977, kukaruhusiwa tena 1991, kwahiyo inawezekana kisheria, ila bila mtaji wa kuvumilia miezi bima ikichelewesha malipo utafunga. Bado mapema kwako.

Hilo la kujitolea. Sikatai, nakataa kujitolea kusiko na mwisho. Mwambie mfawidhi akupe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, miezi 3 inatosha, posho ya nauli na chakula iandikwe, idara utakayokuwepo iandikwe, na jina la msimamizi. Akikataa kuandika ujue utakuwa unajaza zamu za usiku za watu wengine bure mpaka uchoke. Akikubali nenda, maana hospitali inayokujua ndiyo inayokuita ukitoka mkataba wa mapato ya ndani, yaani unaolipwa na hospitali yenyewe. Na nyaraka zako ziwe tayari muda wote, leseni umehuisha mwaka huu, pointi za CPD (mafunzo endelevu) zimetimia, vyeti vimethibitishwa. Machi 2017 Kenya waliomba madaktari 500 kutoka kwetu, mahakama yao ikazuia, Magufuli akaamua wale 258 waliokuwa wameomba na wana sifa waajiriwe hapahapa nyumbani. Walioajiriwa ni waliokuwa wamepeleka karatasi. Wenzao waliosema "Kenya siendi, mchakato mrefu" walibaki wanasoma majina ya watu.

Cheti hapana. Hapana kabisa, hata akipandisha dau. Kikitundikwa pale ukutani kila kinachofanyika kwenye ile zahanati kimefanywa chini ya jina lako, siku mtu amechomwa sindano ya penisilini na asiyejua akafa kwenye benchi, baraza wanakuita wewe, polisi wanakuita wewe, na utakuwa unajieleza ulikuwa wapi wakati jibu ni ulikuwa kwa kaka unaangalia tamthilia. Usajili ndio mtaji wako pekee kwa sasa, hizo laki mbili tatu za mwezi haziwezi kuulipa ukifutwa. Kama kweli anahitaji daktari mwambie akuajiri, siku 3 kwa wiki, uwepo mwenyewe, usaini faili mwenyewe, mkataba na NSSF juu. Uone sura yake.

Mama mwambie ukweli, kwamba unaweza ukaanzia hospitali ya mission mbali kidogo, na mshahara wa mwanzo utakuwa wa kawaida. Kinamama wa Kondoa wanazijua hospitali za mission kuliko wewe, pengine hata wewe mwenyewe ulizaliwa huko.

Kabla hujapokea kazi yoyote ya hizo ongea na daktari aliyeko pale sasa hivi, sio na mfawidhi peke yake. Muulize mshahara unatoka tarehe ngapi na kama umewahi kuruka miezi, nyumba ina maji, mtu wa usingizi wako wangapi, zamu mnagawana wangapi, na ukikwama usiku unampigia nani na anapokea. Akianza kucheka kwenye hilo swali la mwisho, tafuta hospitali nyingine. Peleka barua Itigi na Mvumi wiki hii, Makiungu tuma kwa basi kama nauli inabana, na ukipata mkataba nitumie picha ya kurasa zote kabla hujasaini, sio ukurasa wa mshahara tu.